Staa, Prado na taa ya injini: Yule fundi wa Karatu anadaiwa samahani

Wadau, najua wengi mmeingia hapa kwa ajili ya ubuyu. Ubuyu upo, tulieni. Ila leo tutaula pamoja na shule kidogo, maana hii ishu ya Prado iliyogoma Ngorongoro imenikaa kooni wiki nzima. Kila nikishika simu nakuta watu wanamtukana mtu wasiyemjua, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kwa mliokuwa safarini au mliofulia bando: kuna dada mmoja wa kwenye tasnia, jina kapuni, alipanda kaskazini na timu yake kula bata na kupiga picha za bethidei. Prado nyeupe, rimu nyeusi, mpiga picha wa kulipwa, nguo tatu za kubadilisha. Siku ya pili tukamuona live, kajifunga shuka la Kimasai kwa baridi, analia kwamba mafundi wa Karatu wamemuharibia gari, wezi, washamba, hawajui kitu. Akaonyesha mpaka picha ya bango la gereji. Kilichofuata mnakijua wenyewe. Timu nzima ilihamia kwenye namba ya fundi, na mpaka wale ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli walikuwa wanachambua injini.

Sasa mimi nilikuwepo. Nilikuwa Karatu kwenye harusi ya mshkaji wangu, na RAV4 yangu ilikuwa kwenye gereji hiyohiyo, juu ya jeki, inabadilishwa bushi. Nimekaa kwenye kigoda na chai yangu, nimeona na kusikia kila kitu. Kwa hiyo hii siyo ya kuambiwa.

Msimamo wangu nausema mapema ili usije ukasema nimekuzungusha: fundi hakuharibu kitu. Alisema ukweli, akafukuzwa. Na hicho ndo kilichoitokea sensa kwenye gari lile kabla hata halijafika Karatu. Ilisema ukweli, ikang'olewa.

Ilivyokuwa pale gereji

Gari ilifika saa kumi jioni. Meneja wa staa akashuka wa kwanza, miwani usoni, simu mbili mkononi. "Fundi, tuzimie hii taa tu, kesho alfajiri tunashuka kreta." Taa yenyewe ni ile ya njano yenye umbo la injini, chek injini, ambayo nusu ya wenye magari mjini hapa wanaishi nayo kama pambo la dashibodi.

Fundi hakukimbilia spana. Aliuliza maswali. Imeanza lini? Miezi miwili. Mmefanya nini? Hapo meneja akashusha orodha: Dar walibadilisha oksijeni sensa ya mbele, taa ikarudi. Wakabadilisha ya nyuma, ikarudi. Wakabadilisha na sensa ya hewa, ikakaa siku nne, ikarudi. Karibu milioni moja na nusu ilikuwa imeshaondoka, na taa inawaka vilevile.

Fundi akachomeka mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi. Ikatoka namba moja: P0171. Akamgeuzia meneja kioo aone mwenyewe, akasema, "Bosi, hii namba haisemi sensa imekufa. Inasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Sensa ndo imeshtaki, siyo mgonjwa. Acheni gari ilale hapa, injini ipoe, nitafute hewa inaingilia wapi. Saa tatu asubuhi mtakuwa barabarani."

Meneja akacheka. Mpiga picha analipwa kwa siku, bwana. Staa akashusha kioo, tena kwa upole kabisa, sitaki kumsingizia: "Kaka fundi, wewe izime tu. Mbona wenzako wanazima?"

Jibu la yule kijana nimelishika mpaka leo. "Dada, kuizima naweza, ni dakika moja. Ila itarudi, na itarudi mkiwa mlimani. Mimi siwezi kukufungia macho halafu nikakuambia safari njema."

Wakaondoka. Meneja mwenyewe alisema kwenye live kwamba mbele kidogo walipata mtu akachomoa terminali ya betri, akarudisha, taa ikazimika, wakampa elfu ishirini. Wote wakalala wamefurahi. Wahenga walishatuambia, mficha maradhi kifo humuumbua. Bahati nzuri hapa kilichoumbuka ni gari tu.

Kwa nini mlimani?

Karatu yenyewe iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukipita geti la Ngorongoro unaendelea kupanda msituni kwenye ukungu mpaka ukingo wa kreta, kwenye mita 2,300 hivi. Halafu unashuka ukuta wa karibu mita 600 mpaka chini, kwa simba na nyumbu. Kushuka wengi wanatumia njia ya Seneto, kupanda wanatumia Lerai. Ile ya Lerai siyo barabara ya kuchezea. Ni mlima mkali, foleni ya magari ya watalii iko nyuma yako, na kabla ya saa 12 jioni mnatakiwa muwe mmeshatoka. Na huko chini huruhusiwi kushuka kwenye gari ovyo ukaanza kufungua boneti. Kuna wenyeji wenye meno.

Sasa sikia sayansi kidogo, haiumi. Ukiwa kwenye mita 2,300, mgandamizo wa hewa umepungua karibu robo ukilinganisha na Dar. Injini ya petroli isiyo na tabo inapumua hewa nyepesi, kwa hiyo nguvu inapungua hata kama gari ni zima. Hilo ni la kawaida, usimlaumu mtu. Kazi ya sensa ni kuhesabu hewa iliyoingia, ili kontroo boksi imwage petroli inayolingana nayo. Hesabu yenyewe ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Gari zima litapanda taratibu, ila litapanda.

Gari la staa halikuwa zima. Lina paipu la mpira linalotoka kwenye boksi la ea klina kwenda kwenye injini, na paipu hilo lilikuwa limepasuka kwa chini, mahali ambapo huoni mpaka uligeuze. Ukiendesha taratibu mjini, ufa umejifunga. Ukikanyaga mafuta mlimani, injini inajivuta upande, mpira unavutika, ufa unafunguka. Hewa inaingilia pale, baada ya sensa, bila kuhesabiwa. Kontroo boksi inadhani hewa ni kidogo, inamwaga petroli kidogo, injini inaanza kumisi.

Oksijeni sensa, iliyokaa kwenye ekzosi ikinusa moshi unaotoka, ndo ilikuwa inapiga kelele kwamba huku kuna hewa nyingi jamani, petroli haitoshi. Jibu tulilompa ni kumng'oa na kuleta mwingine. Mgeni naye akasema yaleyale, kwa sababu ukweli haujabadilika.

Na zile siku nne ambazo taa ilizimika Dar? Hakuna uchawi. Ukifuta kosa, kontroo boksi inaanza kujifunza upya, na kwa makosa ya aina hii kwa kawaida haiwashi taa mpaka ilione kosa kwenye safari mbili. Fundi anakwambia "tumemaliza", unalipa, unaondoka unaimba. Wiki haiishi imerudi.

Pale Lerai taa haikuwaka tu, ilianza kupepesa. Hii naomba uikariri hata kama mengine yote utasahau: taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, tafuta fundi mapema. Ikipepesa, injini inamisi vibaya na petroli isiyoungua inaweza kuunguza masega yako. Punguza mafuta, tafuta pa kusimama salama. Meneja alidhani inapepesa kwa sababu ya mashimo.

Gari ikazima katikati ya mlima. Iliyowavuta mpaka juu ni Land Cruiser ya watalii, ile tunayoiita mkonga. Juu kwenye ukingo, network ikakamata, live ikaanza.

Sehemu ambayo live haikuonyesha ni hii. Usiku uleule Prado ilirudi Karatu imevutwa, na dereva aliyeivuta hakujua ugomvi wao, akaipeleka kwenye gereji anayoiamini. Mnaijua ni ipi. Fundi, ambaye simu yake ilikuwa inalia matusi tangu mchana, akaipokea. Asubuhi nimekuja kuchukua RAV4 yangu nikamkuta ameshika lile paipu la mpira, analikunja mbele ya meneja, ufa unafunguka kama mdomo. Likaletwa jingine kutoka Arusha mchana ule. Akawatoza bei ya paipu na ufundi, hakuongeza hata mia ya hasira. Wakaondoka kimya. Live ile mpaka naandika hapa bado ipo.

Sensa zinakaa wapi? Twende mdomoni mpaka mkiani

Nimejifunza kidogo kwa kukaa kwenye vigoda vya gereji, na nadhani kila mwenye gari anapaswa kujua haya. Siyo ili uwe fundi, ni ili usiliwe.

Tuanzie hewa inapoingilia. Sensa ya hewa, wengi wanaiita MAF, iko baada tu ya boksi la ea klina, imebanwa na skrubu mbili na ina soketi ya waya. Ndani ina waya mwembamba unaopashwa moto, hewa ikipita inaupoza, na hapo ndo hesabu inapigwa. Vumbi jekundu la Karatu likipita kwenye filta mbovu linaudanganya waya huo. Kabla hujanunua mpya, mara nyingi inatosha kuisafisha kwa dawa yake ya kupuliza, kisha uache ikauke kabisa. Usiguse kwa kidole, usipige brashi, usipulize na kompresa. Na filta zile za kupaka mafuta, ukizidisha mafuta yanaishia kwenye sensa.

Mbele yake, kwenye mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, kuna sensa ya throto. Ikichanganyikiwa, gari linasita ukikanyaga au linanguruma lenyewe likiwa limesimama.

Sensa ya joto la maji inakaa karibu na thermostati au pale hozi ya rejeta inapoanzia. Ikidanganya kwamba injini ni baridi muda wote, petroli inamwagwa nyingi, gari linakunywa na linanuka. Hii usiifungue injini ikiwa ya moto. Maji yako kwenye presha, yatakubabua uso.

Ya kranki iko chini, kwa injini nyingi ni mbele karibu na puli, kwa nyingine nyuma karibu na gia boksi. Ya kamu iko juu, kwenye hedi. Ya kranki ikifa, injini inazima au haiwaki kabisa, na mara nyingi huanza kwa kuzima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa. Kuna ya kusikiliza mgongano, ya nok, imebanwa kwenye bloku. Kwenye injini nyingi za V6 imefichwa chini ya manifoldi, kwa hiyo ukiambiwa ufundi ni ghali kuliko spea, safari hii huenda hujaibiwa.

Mwisho mkiani, kwenye ekzosi. Oksijeni sensa ya mbele iko kabla ya masega, ya nyuma iko baada ya masega. Ya mbele ndo inayoongoza hesabu ya petroli. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kukagua kama masega yanafanya kazi. Ndo maana kama kuna mtu aliyachomoa masega yako akauza, maana yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani, sensa ya nyuma itapiga kelele ya P0420 mpaka kiama. Utabadilisha sensa kumi, haitanyamaza. Inakwambia umeibiwa, sasa unaipiga kwa nini?

Kama injini yako ni ya silinda nne kama Prado ile, una mstari mmoja. Kama ni V6, una pande mbili, na mashine itakuandikia "bank 1" na "bank 2". Benki hapa siyo ya kuweka hela. Benki ya kwanza ni upande wenye silinda namba moja, na sensa namba moja ni ile ya kabla ya masega. Ukimwachia fundi akisie upande, atabadilisha iliyo nzima na kuiacha mbovu.

Na nyie wenye dizeli za zamani, ukiambiwa oksijeni sensa yako imekufa, uliza ionyeshwe kwanza. Injini nyingi za dizeli za zamani hazina kabisa hicho kitu.

Na kama imekufa kweli?

Zinakufa, sikatai. Kuna namba zinazoinyooshea sensa yenyewe kidole, kama P0135 na P0141, zinazohusu hita ya ndani ya oksijeni sensa. Oksijeni sensa haisemi kitu mpaka ipate moto wa nyuzi mia tatu na zaidi, ndo maana inawekewa hita. Hata hapo, mwambie fundi aangalie fyuzi na waya kwanza. Panya wa mjini na matope ya Ngorongoro wote wanapenda waya.

Ikithibitika, kubadilisha siyo miujiza. Injini iachwe ipoe mpaka ekzosi isikuunguze. Chomoa soketi ya waya kwanza. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nyuzi, subiri, usilazimishe. Nyingi zinafunguliwa kwa spana namba 22 au soketi maalumu yenye mkato wa kupitisha waya, na kwenye baadhi ya Toyota utakuta imebanwa na nati mbili. Mpya isidondoke, maana ndani yake kuna udongo wa kauri unaopasuka bila wewe kuona. Kichwa chake kisiguswe na grisi wala silikoni. Anza kuifunga kwa mkono mpaka ikubali, ndo ulete spana. Waya usikae karibu na ekzosi. Kisha kosa lifutwe, gari liendeshwe, lipimwe tena. Hilo la kupima tena ndo wengi wanaruka, na ndo lingempunguzia staa wetu milioni yake.

Na swali la kumuuliza fundi ni moja tu: "Umejuaje?" Fundi mzuri atakuonyesha namba, atakuonyesha ufa, atakuonyesha waya. Fundi wa kubahatisha atakwambia "hizi gari ugonjwa wao ni huo".

"Si bora tununue mkonga?"

Najua kuna mtu kwenye komenti ataandika hivi, tena kwa herufi kubwa: hizi gari za sensa ni upuuzi, ona ile mkonga iliyomvuta. Braza, nakuelewa. Zile Land Cruiser ndefu za watalii nyingi zina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, pampu yake ya kimekanika, haina kontroo boksi ya kumwaga mafuta. Ndo maana kampuni za safari zinazipenda. Ikigoma porini, dereva ana spana na akili zake, inatosha.

Ila usidanganyike. Injini isiyo na sensa nayo inaugua, ila haisemi. Dereva wa mkonga ndo sensa yenyewe. Anasikia sauti, ananusa moshi, anaangalia geji ya joto kila dakika, na kila jioni gari linaoshwa na kukaguliwa chini. Wewe unaendesha huku unapiga selfi. Unahitaji kitu kinachokusemea.

Na vitu hivi siyo vya jana. Oksijeni sensa iliingia kwenye Volvo mwaka 1976, kazi ya Bosch ya Ujerumani. Marekani ilifanya mfumo mmoja wa soketi na namba za makosa kuwa lazima kwa magari ya mwaka 1996, ndo maana leo kijana wa Karatu na mzungu wa Chicago wakiona P0171 wanaelewana bila mkalimani. Lugha ipo. Tatizo letu ni kwamba hatutaki kusikia inachosema.

Sasa turudi kwa dada yetu

Nataka niwe mkweli na kwa upande wake. Mafundi wa kubahatisha wapo, tena wengi. Dada alishaliwa hela nzuri na watu watatu kabla ya kufika Karatu. Mtu aliyeliwa mara tatu akimuona wa nne lazima amuone mwizi. Mwanamke ndo kabisa, akiingia gereji anapandishiwa bei kabla hajafunga mlango wa gari. Hasira yake naielewa mia kwa mia.

Lakini hasira ilienda kwa nani? Haikwenda kwa waliomuuzia sensa tatu ambazo hakuzihitaji. Haikwenda kwa aliyechukua elfu ishirini kuchomoa betri. Haikwenda kwa meneja aliyecheka. Ilienda kwa mtu pekee aliyekataa hela yake. Kwa sababu ndo pekee aliyemwambia kitu ambacho hakutaka kusikia.

Na hili wadau siyo la magari tu, tuwe wakweli. Tunawafukuza marafiki wanaotuambia ukweli, tunabaki na wanaokomenti moto moto. Mtu anazunguka na maumivu ya kifua mwaka mzima, anaogopa kupima. Wengine humu wana kipande cha solotepu nyeusi juu ya taa ya injini, nawajua, msijifiche. Msema kweli mpenzi wa Mungu, ila kwetu sisi amekuwa adui wa timu.

Yule kijana anaishi kwa jina lake. Karatu siyo Dar. Pale, dereva wa watalii akisikia gereji fulani inaharibu magari, halali nayo tena, na msimu ukiwa umefunguka kazi ya wiki moja ni ada ya shule ya mtu. Wiki ile aliniambia wateja wawili wamehamisha magari. Nikamuuliza, "Kwa nini na wewe usirushe video ya lile paipu?" Akafuta mikono kwenye ovaroli, akasema, "Braza, gari ni ya mteja. Siwezi kuanika ugonjwa wa mteja." Mwenye wafuasi laki kadhaa alianika jina lake bila ushahidi, na yeye mwenye ushahidi mkononi akamfichia.

Kwa hiyo dada, najua huwa unasoma hapa, maana ulishawahi kunitukana pia. Sikuombi uende gereji kupiga magoti. Ifute ile live. Kisha rekodi sekunde thelathini, sema: fundi wa Karatu aliniambia ukweli, mimi sikumsikiliza, namuomba radhi. Hutapungukiwa na mfuasi hata mmoja. Na meneja wako, mwambie milioni na nusu ile ingelipa mpiga picha siku nyingine mbili.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwenye foleni ya Mwenge, taa ya njano inakuangalia hapo mbele yako, leo ni siku ya ngapi? Kesho pita upime. Siyo kuzima, kupima.

Haya, komenti ziko wazi. Nani ashabadilishiwa sensa nzima akaachiwa mbovu? Shusheni hapa, ila majina ya watu muyaache nyumbani.